Robert Koch: Tabibu, Hadubini na Amana ya Mgonjwa

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ukurasa huu wa wasifu umezoea kutuletea watu wetu: al-Razi aliyeongoza hospitali za Rayy na Baghdad, Ibn Sina na kitabu chake cha al-Qanun, na wengineo. Mara hii nimewaomba wahariri waniruhusu nimlete mtu asiyekuwa Mwislamu, tabibu wa Kijerumani aitwaye Robert Koch, aliyefariki mwaka 1910. Wenzetu wanaosoma udaktari na baiolojia wanamjua tangu mwaka wa kwanza. Sisi wa masomo ya Kiislamu huwa tunalisikia jina tu. Nimeona tumjue, kwa kuwa maisha yake yameigusa pwani yetu kuliko tunavyodhani, na ndani yake mna swali ambalo fiqhi ina neno juu yake: mtafiti ana haki gani juu ya mwili wa mgonjwa?

Tuanze nyumbani

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Nyumba zilianguka Macomia, Ibo na Quissanga, visima vikachafuka, na siku chache baadaye kipindupindu kikatangazwa Pemba. Wengi wetu tunakumbuka foleni za chanjo ya kunywa. Tunakumbuka pia maneno ya barazani, kwamba wanaokuja kutia dawa visimani ndio wanaouleta ugonjwa. Maneno hayo si mageni katika mikoa ya Cabo Delgado na Nampula. Kwa Kireno dawa ya maji huitwa cloro na ugonjwa huitwa cólera. Mtu asiyejua Kireno huyasikia kama neno moja. Kwa sababu ya uvumi wa namna hii wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji wamewahi kupigwa, na wengine wameuawa.

Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichojaa watu kilitoka Lunga kuelekea Kisiwa cha Msumbiji, kikazama. Walikufa watu zaidi ya 90, wengi wao watoto. Maofisa wa mkoa wa Nampula walieleza kwamba watu wale walikuwa wanakimbia kwa sababu ya uvumi kuhusu kipindupindu. Hofu ya ugonjwa ndiyo iliyowapakia chomboni. Allah awarehemu.

Kijidudu cha kipindupindu kina sura, kina jina, na kuna mtu aliyekionyesha kwa ulimwengu. Mtu huyo ni Koch. Basi inakuwaje zaidi ya miaka 130 baadaye watu wa pwani wamwogope zaidi anayekuja na dawa kuliko ugonjwa wenyewe? Sitadai kwamba wasifu wa mtu mmoja unajibu swali hilo lote. Lakini sehemu ya jibu imo ndani yake.

Daktari wa wilaya

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu udaktari mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Zama hizo matabibu wengi waliamini kwamba magonjwa hayo huletwa na hewa chafu inayotoka kwenye matope na uozo. Henle alikuwa na hoja bila ushahidi. Mwanafunzi wake ndiye aliyekuja kuutafuta.

Hakuutafuta katika chuo kikubwa. Alioa, akahamahama kutafuta riziki, akahudumu kama tabibu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 na 1871, kisha mwaka 1872 akapata kazi ya udaktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Huko alikuwa mbali na maktaba na mbali na maprofesa. Maabara yake ilikuwa ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi na mkewe na binti yao. Mchana alitibu wakulima. Akimaliza, hatua chache tu kutoka alipopokea wagonjwa, alikaa mbele ya hadubini.

Kilichomshughulisha ni kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe wa wilaya ile, na mara nyingine wachungaji wao. Wengine kabla yake walishaona vijiti vidogo katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, lakini haikujulikana kama vijiti vile ndivyo sababu au ni matokeo tu. Koch hakuwa na vifaa. Alichonga vijiti vya mbao, akavichovya katika damu ya mnyama mgonjwa, akawachoma panya nacho, na panya wakafa kwa kimeta. Kisha akavikuza vijidudu vile nje ya mwili, ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe, akaviangalia saa baada ya saa. Akaona kwamba hali ikiwa mbaya kwao hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka, zikingoja mnyama mwingine. Hapo ikaeleweka kwa nini malisho fulani yaliua mifugo mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1876 alichukua vifaa vyake hadi Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, akamwonyesha kazi yake yote kwa siku kadhaa. Cohn aliridhika, na mwaka huohuo kazi ikachapishwa. Ikawa mara ya kwanza kuonyeshwa hatua kwa hatua kwamba kijidudu fulani kinaleta ugonjwa fulani.

Mwaka huo wa 1876 una jambo jingine linalotuhusu. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar, alichapisha kitabu chake kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Alieleza jinsi ugonjwa ule ulivyofuata njia za misafara na vyombo vya baharini, ukaipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, ukashuka hadi Kilwa. Christie aliujua mwendo wa ugonjwa, lakini kijidudu chake hakukijua.

Kifua kikuu na kipindupindu

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin katika Ofisi ya Afya ya dola ya Ujerumani. Sasa alikuwa na maabara ya kweli na wasaidizi. Tatizo kubwa lilikuwa kuvitenganisha vijidudu, kwa sababu ndani ya supu huchanganyika. Alijaribu vipande vya viazi, akajaribu jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwenye joto. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, ndiye aliyependekeza agari, kitu kinachotengenezwa kwa mwani wa baharini, ambacho alikuwa akikitumia jikoni kugandishia vyakula. Hadi leo maabara za dunia nzima hukuza vijidudu juu ya agari. Sisi wa pwani tunaokanyaga mwani kila maji yakitoka tuna haki ya kutabasamu kidogo.

Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya jumuiya ya wanafiziolojia mjini Berlin, akaonyesha kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa ambao zama zile ulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa Ulaya. Ndiyo maana 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Ndugu zetu wa Palma wanaikumbuka tarehe hiyo kwa msiba mwingine, wa mwaka 2021. Na misiba hiyo miwili haiko mbalimbali. Mgonjwa anayekimbia vita huacha vidonge vyake nyumbani, na kambi yenye watu wengi ndani ya hema moja ndipo mahali kikohozi hupata njia.

Katika kazi hii Koch na wasaidizi wake walitengeneza kanuni wanazozijua wenzetu wa udaktari. Kijidudu kipatikane kwa wagonjwa wa ugonjwa ule. Kitolewe na kikuzwe peke yake. Kikitiwa katika mnyama mzima, kilete ugonjwa uleule. Kisha kipatikane tena ndani ya mnyama huyo. Kanuni hizi ni sawa na kuhoji mashahidi: hutosheki kwamba mtu alionekana mahali pa tukio, unataka kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyetenda.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Koch alikwenda Alexandria na timu yake. Ufaransa nayo ilipeleka timu, na mmoja wao, kijana Louis Thuillier, aliambukizwa akafa huko. Wajerumani, waliokuwa wapinzani wao, walihudhuria maziko yake. Ugonjwa ulipopungua Misri, Koch aliufuata Calcutta, India. Mwanzoni mwa 1884 alikuwa ameshakiona kijidudu, umbo lake limepinda kama mkato, ndani ya matumbo ya waliokufa kwa kipindupindu. Akakipata pia katika maji ya bwawa ambamo watu walioga, walifulia na walichota ya kunywa. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amekiona tangu 1854, lakini hakusikilizwa. Koch naye hakuweza kutimiza kanuni zake zote, kwa sababu hakupata mnyama wa kumwambukiza. Wengine walimpinga hadi mwaka 1892, Hamburg ilipopoteza watu zaidi ya 8,000 kwa kipindupindu, huku mji jirani wa Altona, uliokuwa ukichuja maji ya mto uleule kwa mchanga, ukisalimika kwa sehemu kubwa. Mto mmoja, miji miwili iliyopakana, tofauti ni mchanga. Hoja ikaisha.

Maabara na wodi

Mwaka 1891 serikali ya Prussia ilimfungulia Koch taasisi ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin, jirani na hospitali ya Charité. Ilikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa ya maabara, ambako walichunguza vijidudu, wanyama na kemikali. Ya pili ilikuwa ya wagonjwa, yenye wodi zake. Kilichoonekana kitandani kilipelekwa maabara, na kilichopatikana maabara kilirudi kitandani. Msomaji wa historia yetu atakumbuka bimaristani za Baghdad, Damascus na Cairo, ambamo tabibu alifundisha akiwa mbele ya mgonjwa. Lakini tuwe waadilifu: maabara ya namna ya Koch ilikuwa jambo jipya.

Matunda yalionekana. Emil von Behring na Mjapani Kitasato Shibasaburo, wote wasaidizi wake, walionyesha mwaka 1890 kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo hubeba kinga inayoweza kumkinga mwingine. Kutokana na hilo ikapatikana seramu iliyookoa watoto wengi wa dondakoo. Paul Ehrlich naye alifanya kazi humo. Kitasato alirudi Japani mwaka 1892 akaanzisha taasisi kwao. Alikwenda kuchukua elimu na akarudi nayo nyumbani. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi aliyeko ughaibuni.

Lakini taasisi hii ilizaliwa pamoja na doa. Mwaka 1890, mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Baadaye kikaitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande. Koch alikuwa amejidunga mwenyewe akaugua vibaya, lakini ushahidi wake juu ya wagonjwa ulikuwa mdogo, na alificha namna dawa ilivyotengenezwa. Mtu aliyewafundisha wengine kutokubali kitu bila kukiona alitaka aaminiwe bila kuonyesha. Wagonjwa kadhaa walikufa, na mwanzoni mwa 1891 Rudolf Virchow aliwapasua baadhi ya waliokufa akaonyesha kwamba dawa haikuua vijidudu, bali iliweza kuvisambaza. Tuberkulini haikuponya. Baadaye iligeuka kipimo cha ngozi cha kutambua maambukizi ya kifua kikuu, na kipimo cha aina hiyo kinatumika hadi leo. Lakini waliokufa kwa haraka ile walikuwa wameshazikwa.

Koch katika ardhi ya Waswahili

Mwaka 1893 aliachana na mkewe akaoa msichana aliyemzidi umri kwa karibu miaka 30, na Berlin ikamsema sana. Tangu hapo akawa mtu wa safari. Mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Mwaka 1897, baada ya kupita Bombay kwenye tauni, alifika Dar es Salaam, makao ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki.

Hapa tusimame. Koloni hilo halikuishia mtoni Ruvuma. Tangu 1894 Wajerumani walikuwa wameikamata Kionga, kusini ya mdomo wa mto, na Wareno hawakuipata hadi 1916. Leo Quionga iko katika wilaya yetu ya Palma. Kwa hiyo Koch alipokuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo, serikali iliyomwalika ndiyo iliyotawala sehemu ya kaskazini ya pwani yetu.

Safari hiyo ilimfikisha kwa watu wa milima ya Usambara. Walimweleza kwamba wakishuka tambarare hurudi na homa, na jina la homa hiyo kwao lilikuwa lilelile la mdudu: mbu. Koch aliliandika jambo hili. Ilikuwa katika siku zilezile ambazo Ronald Ross, huko India mwezi wa Agosti 1897, aliona kimelea cha malaria ndani ya mbu. Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wazee wa Usambara hatuwajui kwa majina. Sisemi kwamba walijua kila kitu alichokijua Ross, kwani kujua kwamba mbu na homa huandamana si sawa na kukiona kimelea. Nasema kwamba ujuzi ulikuwapo hapa, na aliyeusikiliza alifaidika.

Mwaka 1905 alirudi Afrika Mashariki. Alichunguza homa ya papasi, akaonyesha jinsi vijidudu vyake vinavyokaa ndani ya papasi na hata ndani ya mayai yao. Alifanya kazi pia Amani, katika Usambara, ambako Wajerumani walikuwa na taasisi ya utafiti. Mwishoni mwa mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Visiwa vya Sese

Mwaka 1906 alirudi kwa ajili ya malale. Ugonjwa huu, unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa upande wa Uganda. Koch aliweka kambi yake katika visiwa vya Sese, chini ya utawala wa Waingereza, kwa sababu huko wagonjwa walikuwa wengi. Watu walikuja wenyewe, wengine wakibebwa. Walikuwa wanakufa, na mzungu alikuwa na sindano.

Dawa ilikuwa atoksili, yenye aseniki ndani yake. Katika dozi ndogo wagonjwa walipata nafuu na vimelea vikapotea kwenye damu kwa muda, kisha vikarudi. Koch akaongeza dozi mara dufu. Wagonjwa wakapata maumivu na kizunguzungu, na 22 kati yao wakapofuka wasione tena. Aliripoti hayo mwenyewe akaipunguza dozi, lakini macho yale hayakurudi. Alipoondoka mwaka 1907 alipendekeza wagonjwa watengwe kambini, na Wajerumani wakafungua kambi upande wao wa ziwa. Huko matibabu ya aseniki yaliendelea, na wagonjwa wengi walitoroka.

Ndugu msomaji, ni rahisi kumlaani, na ni rahisi pia kumtetea kwa kusema kwamba ndivyo zama zilivyokuwa. Mimi nimejaribu kumpima kwa kipimo chetu. Katika fiqhi kuna mlango wa dhamana ya tabibu. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad amewagawa matabibu mafungu matano, na ukiyatazama utaona mizani yake ina pande mbili: ujuzi wa tabibu, na idhini aliyopewa. Mjuzi aliyepewa idhini na akaitimiza kazi kwa haki yake hadaiwi, hata kama madhara yatatokea. Asiyejua akajitia kujua anadaiwa. Na mjuzi aliyetenda bila idhini naye anaulizwa.

Koch alikuwa mjuzi, hakuna aliyefikia ujuzi wake. Idhini je? Watu wa Sese walikuja kutibiwa. Hapo idhini ipo. Lakini je, waliambiwa kwamba dozi inajaribiwa? Waliambiwa kwamba katika kujaribu huko mtu anaweza kupoteza macho? Na mtu anayekufa, katika nchi iliyotawaliwa na wengine, ana uwezo gani wa kukataa? Sina elimu ya kutoa fatwa, na walimu wetu watanisahihisha. Lakini nionavyo, idhini ya mtu aliyefichwa madhara ni nusu ya idhini. Katika Berlin kulikuwa na Virchow wa kumpinga na magazeti ya kumsema. Katika Sese hapakuwa na mtu wa kusimama kati ya sindano na mgonjwa.

Mwisho wake, na sisi

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamewekwa ndani ya taasisi yake Berlin, ambayo tangu 1912 inabeba jina lake. Elimu aliyoiacha imeokoa watu wasiohesabika, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Kila anayechemsha maji ya kisima Mocímboa da Praia ananufaika nayo bila kumjua. Na watu 22 waliopofuka kwa dozi ile ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Hatuwezi kuchukua upande mmoja wa daftari tukachana mwingine.

Mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kufanywa vizuri zaidi uko katika nchi yetu. Mwaka 1996, kusini ya Msumbiji, kilianzishwa Kituo cha Utafiti wa Afya cha Manhiça, kwa ushirikiano na Uhispania. Kiko pamoja na hospitali ya wilaya, maabara na wodi jirani, kama ilivyokuwa taasisi ya Berlin. Mwaka 2003 kilianza kuijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kwa watoto 2,022. Wazazi walielezwa kwa lugha wanazozijua, na aliyekubali alitia saini au dole gumba. Mtoto aliyeugua alitibiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Tofauti ya Manhiça na Sese haiko kwenye hadubini. Iko kwenye dole gumba lile, na kwenye saa zilizotumika kueleza kabla ya kulitia.

Sasa nirudi kwenye lile swali la hofu. Watu wetu hawaogopi kwa ujinga tu. Kwa vizazi vingi waliokuja na sindano walikuja pamoja na waliokuja na bunduki na kodi, na hawakueleza kitu. Kisha vita vya tangu 2017 vikamfanya kila mgeni kijijini awe wa kutiliwa shaka. Amana ikivunjika haitengenezwi kwa gari la vipaza sauti siku ambayo watu wameshaanza kufa. Hutengenezwa kabla, na mtu ambaye kijiji kinamjua.

Mtu huyo anaweza kuwa wewe, ndugu msomaji. Wanaosoma udaktari na maabara, msione kwamba kazi yenu inaishia kwenye darubini za chuo. Jifunzeni kumweleza bibi yenu, kwa lugha yake, mnachotaka kumfanyia na kwa nini, kisha mngoje jibu lake. Nasi wa masomo ya Kiislamu tuna mimbari na tuna madrasa. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia yetu, na khutba moja kabla ya mvua, inayoeleza kwa Kimwani, Kimakua au Kimakonde kwamba cloro ni dawa ya maji na cólera ni ugonjwa, inaweza kumzuia mtu asipande chombo kilichojaa. Jumuiya yetu ina wanafunzi kutoka Palma, Mocímboa, Macomia, Ibo na Quissanga. Likizo ya mvua ikifika, kila mmoja anarudi mahali ambapo jina la baba yake linajulikana. Hilo Koch hakuwa nalo popote alipokwenda Afrika.

Tunamwomba Allah atujaalie elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na awarudishe majumbani kwa amani waliokimbia. Wallahu a'lam.